Mwalimu Mpya Akikurudisha Kwenye Kutembea, Rudi

Kuna dada wa Arusha kaniandikia juzi ujumbe mrefu, hasira imejaa kila mstari. Anapanda farasi tangu shuleni, anaruka vizuizi vya kiasi chake, na wageni wa safari anawatangulia porini bila wasiwasi. Sasa kaamua kuingia dresaji, ule mchezo wa kumwendesha farasi kwa utulivu na ustadi mbele ya jaji, na kapata mwalimu mpya. Mwalimu huyo, siku ya kwanza tu, kamwondolea vikuku vya tandiko, vile vya kukanyagia miguu, kamnyang'anya hatamu, kamfunga farasi kamba ndefu na kuwazungusha wote wawili kwenye duara huku watoto wamekaa juu ya uzio wanatazama. Somo lililofuata, vilevile. "Nimelipa pesa yangu nirudishwe chekechea?" anauliza. Anataka nimwambie amwache.

Usimwache, mdogo wangu. Jibu ni hilo, na mwenye haraka aishie hapo. Najua lakini hutaridhika, maana hata mimi nisingeridhika, kwa hiyo vuta kiti. Na wiki hii nina haki ya kusema kuliko wiki nyingine yoyote: Jumapili nimetoka uwanjani na asilimia 64 na ushee katika jaribio la daraja la mwanzo, na chini ya karatasi jaji kaandika kwamba mkao wangu umetulia. Mkao wangu! Kwa asiyeifahamu dresaji, 64 inaweza kuonekana ni alama ya mtoto anayestahili kuitiwa mzazi. Sivyo. Kila tendo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla yake hugeuzwa asilimia. 5 ni kupita kwa shida, 6 inaridhisha, 7 ni nzuri kiasi, na wenye 8 na 9 huwaoni kila Jumapili. Charlotte Dujardin wa Uingereza na farasi wake Valegro walipopata 94.3 kwenye dresaji ya muziki kule London, Desemba 2014, dunia nzima ya farasi ilisimama. Kwa hiyo 64 yangu muiheshimu.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Farasi wangu wa kwanza ni wale wa kukodi ufukweni, unapandishwa, kijana anashika kamba, unakwenda hadi kwenye mawe na kurudi, picha, basi. Kazi ya bima ndiyo iliyonipeleka Nairobi, na Nairobi ndiko nilikoona kwamba kuna watu wanaoamka Jumamosi alfajiri kwenda Karen kupanda farasi, tena si wazungu peke yao. Nilikuwa nimeshavuka thelathini. Mama yangu alipopata habari alisema tu, "Haya, wenzako wanajenga."

Banda langu la kwanza sitalitaja. Siku niliyofika, mama mmoja aliyekuwa akimsubiri mwanawe aliniuliza kwa upole kabisa mimi namlea mtoto yupi. Nikamwambia nimekuja kupanda. Akasema, "Oh, vizuri sana," kwa ile sauti ya kumsifu mtoto aliyejifunga kamba za viatu. Hilo nimelisamehe. La mwalimu ndilo ambalo bado linanikaa kooni.

Alikuwa mtu wa vizuizi, na kwa vizuizi alikuwa hodari, sikatai. Vikuku vifupi, mwili mbele, makalio juu ya tandiko, na sauti yake inasikika hadi barabarani: "Kaba goti! Kisigino chini! Kaba goti!" Nami nikakaba. Nilikaba hadi ngozi ya ndani ya goti ikatoka, nikarudi kazini Jumatatu natembea miguu imeachana, wenzangu wakauliza kulikoni. Niliruka vizuizi. Nilipiga kanta, zile mbio za taratibu, uwanja mzima. Nikaanza kujiona. Halafu siku moja nikamwambia mwalimu kwamba ninachokitamani hasa ni dresaji, ule utulivu, farasi anakwenda kana kwamba amefikiria mwenyewe na mpandaji hafanyi lolote. Alicheka. Akasema dresaji inataka mtu mwenye miguu mirefu na subira, "na wewe huna hata kimoja." Watu wawili watatu waliokuwa pale wakacheka naye. Mimi pia nilicheka. Nilipofika nyumbani sikula.

Ndiyo maana nilipohamia kwa mwalimu mpya nilikwenda nimevimba. Nilikuwa na hotuba kichwani: nimepanda miaka, naruka, napiga kanta, nijaribu uone. Nilipanda matatu ya Ngong nikiwa na buti kwenye mfuko na kofia ngumu mapajani (kondakta akaniuliza pikipiki nimeiegesha wapi), na njia nzima hotuba naipiga pasi.

Madam hakuniuliza hata neno. Ni mama wa makamo, amefundishwa Ulaya, maneno yake ya kuhesabika. Alimwendea farasi kwanza. Alipitisha vidole viwili kandokando ya uti wa mgongo, kutoka nyuma ya bega hadi kiunoni, akibonyeza polepole huku macho yake yako kwenye masikio ya farasi, si mgongoni. Alipofika mahali fulani nyuma ya tandiko linapokaa, sikio moja likarudi nyuma. Akarudia palepale, kwa wepesi zaidi. Akamwita saisi, mtunza farasi wa banda, wakasemezana. Ndipo akanigeukia na swali ambalo sikulitegemea: "Viatu vyako vya kazini, kipi kinaisha soli kwanza?"

Cha kushoto. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa majibu ya maabara aliyokwisha kuyajua. Nilipokuja kupanda nikaelewa: nilikuwa namlalia farasi upande wa kushoto miaka yote ile, na kila aliponikatalia kugeuka kulia nilisema ni mkaidi.

Kisha kamba. Ndiyo, dada wa Arusha, ileile. Hatamu zikafungwa fundo shingoni mwa farasi, vikuku vikakunjwa mbele ya tandiko, nikaambiwa nishike ukingo wa tandiko kwa vidole viwili tu, vingine viachie. Yeye akasimama katikati na kamba mkononi, farasi akawa anatembea duara. Kutembea! Nilihisi uso unawaka. Baadaye akataka mikono yote miwili inyooshwe pembeni, macho juu ya paa la banda. Akaona nimeziba pumzi, maana watu wengi tukiogopa au tukijitahidi sana tunasahau kupumua, na mtu aliyeziba pumzi kiuno chake kimefungwa. Dawa yake ni kuimba. "Imba chochote," akasema. Sikumbuki kwa nini, kilichonijia ni wimbo wa harusi wa kwetu. Basi hapo Karen, Jumamosi asubuhi, nikamuimbia farasi wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani, na saisi, mzee wa watu, akaweka ndoo chini akapiga makofi.

Baada ya hapo ukaja mchezo ambao hadi leo nadhani ndio ulionifundisha kuliko yote. Farasi anatembea, nimefumba macho, na Madam anauliza: "Mguu wa nyuma, upi unakuja?" Nijibu kwa kusikia kwenye makalio, si kwa kuchungulia. Mguu wa nyuma wa kulia ukiinuka na kuja mbele, mgongo wa farasi upande huo unashuka, na nyonga yako ya kulia inashuka nao. Tumbo lake linayumba kwenda upande wa pili. Ukilikosa hilo utakuwa unampiga visigino wakati mguu wake uko ardhini umebeba uzito, na mguu uliobeba uzito hauwezi kwenda popote. Amri inafika, mtekelezaji hayupo. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka, kisha nakasirika kwamba farasi hasikii.

Nije kwenye goti, maana hapa ndipo hotuba yangu yote ilipovunjika. Goti nililofundishwa kukaba ndilo Madam aliloanza kulifungua. Ukikaba goti, paja linabana tandiko, na mwili unasukumwa juu kama kibanio cha nguo kilichowekwa kwenye kamba nene: kinateleza, kinaruka. Ukisukumwa juu, makalio hayagusi, kisigino kinapanda, unatafuta usawa kwa kuning'inia kwenye hatamu. Farasi naye akihisi mdomo umevutwa na mgongo unagongwa, anauzamisha mgongo, anainua kichwa, anapiga hatua fupifupi za haraka. Hapo unamwita mkorofi. Kwa dresaji mguu unatakiwa uning'inie mrefu kutoka kwenye nyonga, na mtu akikutazama kwa pembeni aone sikio, bega, nyonga na kisigino viko kwenye mstari mmoja.

Nikabisha. Nikasema nisipokaba nitaanguka. Madam akanipa habari za Lis Hartel wa Denmark, ambazo nawapa nanyi. Yule mama alipata polio mwaka 1944, ikamwachia miguu isiyo na nguvu chini ya magoti. Kupanda na kushuka alisaidiwa. Mwaka 1952 kule Helsinki, ndiyo mara ya kwanza Olimpiki kuwaruhusu wanawake na raia wa kawaida kuingia dresaji (hadi 1948 ilikuwa ni ya maofisa wa jeshi), akachukua medali ya fedha mbele ya wanaume wenye miguu yao yote. Mwaka 1956 akaichukua tena. Sasa wewe mwenye magoti mawili mazima unaniambia bila kukaba huwezi?

Tena farasi mwenyewe niliyepewa hakuwa wa kubanwa. Ni jike mwekundu mrefu, alikimbia mashindano kwenye uwanja wa Ngong kabla ya kustaafu, kama farasi wengi wa kujifunzia hapa Nairobi. Saisi anamwita Mama Mkubwa. Farasi wa mbio amefundishwa jambo moja na amelielewa vizuri: mpandaji akishika hatamu kwa nguvu, maana yake ni egemea, twende. Kwa hiyo unavuta ili apunguze, yeye anaongeza. Unavuta zaidi, anashukuru, anaongeza zaidi. Nilizunguka naye siku ya mwanzo tulipopewa troti, mwendo ulio kati ya kutembea na kanta, hadi mikono ikafa ganzi, na Madam katikati ya uwanja anasema kwa sauti ileile isiyopanda, "Mpe. Mpe hatamu. Mpe." Kumpa hatamu farasi anayekimbia ni jambo ambalo kila msuli wa mwili unakataa. Nilipompa, alipunguza. Alitazama nyuma kidogo kwa jicho moja, akapunguza.

Miezi ya katikati siwasimulii. Ni kutembea, kamba, kutembea, mvua za masika zikageuza uwanja kuwa tope, kutembea tena.

Siku ilipofunguka ilikuwa kwenye duara la mita 20, troti, tukizunguka kwa kushoto. Madam alikuwa ananiimbia wimbo wake wa kila siku: mguu wa ndani kwenda hatamu ya nje. Nimeusikia kwa walimu wote duniani, nimeuona kwenye video zote, na nilikuwa nauitikia tu. Siku hiyo nikasukuma kwa mguu wa ndani wakati tumbo linakwenda upande wa nje, hatamu ya nje nikaifunga kwa vidole bila kuivuta, nikashusha pumzi. Jike akatafuna lijamu. Nilisikia mlio wake, meno na chuma, taratibu. Kisha mgongo ukapanda chini yangu, si kuruka, kupanda, tandiko likajaa, na hatamu ya ndani niliyokuwa nimeing'ang'ania maisha yangu yote ikawa nyepesi, haina kazi. Povu jeupe likamtoka pembeni mwa mdomo. Tulikwenda hivyo labda nusu duara. Nikafurahi, nikaziba pumzi, ikapotea.

Nililia. Sioni aibu kusema. Saisi akaniuliza, "Binti, umeumia?" Nikamwambia hapana Mzee, nimeelewa.

Sasa ushauri, maana najua kuna wanaoruka hadithi wakitafuta hapa.

Kwanza, hotuba iache kwenye matatu. Mwalimu mpya hahitaji kuambiwa unajua nini, ataona ukipanda tu, kabla hujafika kona ya kwanza. Mwambie yale asiyoweza kuyaona: ulianguka lini, mgongo unauma wapi, unaogopa nini. Mimi nilificha kwamba naogopa kanta kwenye kona, na nilificha vizuri hivi kwamba farasi peke yake ndiye aliyejua.

Akikurudisha nyuma, rudi. Narudia kwa sababu najua hamsikii: akikurudisha nyuma, rudi. Wajerumani wana ngazi yao ya mafunzo ambayo Madam aliiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya matandiko: mdundo, kulegea, mguso, msukumo, kunyooka, kukusanyika. Kwa mpangilio huo. Sote tunataka kuanzia ya mwisho, ile farasi amekunja shingo, picha inapendeza. Kuna watu wanampinda farasi shingo kwa nguvu ya mikono hadi kidevu kinakaribia kifua, wanajiona wamefika. Jaji aliyeketi kwenye herufi C, mwisho wa uwanja, anaona tofauti. Farasi aliye sawasawa, utosi wake ndio uko juu kuliko shingo yote na pua imetangulia kidogo. Hilo halivutwi, linatoka nyuma, kwenye miguu ya nyuma, na miguu ya nyuma inajengwa kwa huko kutembea unakokudharau.

Na usiniambie umechelewa. Hiroshi Hoketsu wa Japani alishindana dresaji kwenye Olimpiki ya London 2012 akiwa na miaka 71. Alishawahi kufika Olimpiki ya Tokyo 1964, kwa vizuizi. Hebu piga hesabu ya miaka hapo katikati. Huyo asingekuwa na subira tungekuwa tunamzungumza leo? Wewe una miaka ishirini na nane, umerudishwa kwenye kamba masomo mawili, unataka kuhama. Utahama, utapata mwalimu wa kukusifu, utapiga kanta, utapiga picha, na mwakani utaniandikia tena ujumbe uleule ukiwa na farasi mwingine "mkaidi". Samahani kama ni makali. Niliambiwa makali kuliko hayo, tena mbele za watu.

Pamoja na hayo sikuambii umvumilie mwalimu yeyote. Mtazame anavyomtendea farasi, si anavyokutendea wewe. Wewe unaweza kununa na kulalamika, farasi hana pa kuandika ujumbe. Anagusa mgongo wake kabla ya somo? Anahakikisha mkanda wa tandiko haujambana ngozi? Farasi akikosea, anauliza wewe umefanya nini au anadai mjeledi? Somo likiisha, anataka umtembeze hadi apoe, au anaangalia saa? Na asikudanganye mtu kwa jina kubwa. Huyohuyo Charlotte Dujardin niliyemtaja, mwenye medali sita za Olimpiki, Julai 2024 alijiondoa kwenye michezo ya Paris baada ya kutokea video akiwa anamfundisha mtu, naye akimchapa miguu farasi wa mwanafunzi kwa mjeledi mrefu, tena na tena. Alikiri, akafungiwa mwaka mmoja. Nilimpenda sana yule. Nilikuwa na picha yake na Valegro kwenye simu. Kinachoniuma zaidi ni yule mwanafunzi juu ya tandiko, maana namjua: ni mimi, ni wewe, umemlipa bingwa, utamwambiaje aache?

Mwambie. Au shuka. Hiyo ndiyo sababu moja ya kumwacha mwalimu bila kuniuliza.

Jambo la saisi watu hulipuuza. Ukifika bandani, salamu ya kwanza iwe kwake, kabla ya mwalimu, kabla ya farasi. Yeye ndiye anayejua nani kalala vibaya, nani kwato imepata joto, nani kabadilishiwa nyasi tumbo likajaa. Mzee wetu amekaa na farasi tangu mimi sijazaliwa na hajaingia uwanja wa mashindano hata siku moja akiwa juu ya tandiko, na hilo ni jambo ambalo wenye mabanda ya Nairobi wangepaswa kulionea haya, lakini tuliache, nitaanza kupandwa na presha. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba Mama Mkubwa hapendi kuguswa sikio la kushoto wakati wa kuvishwa hatamu. Hata ungekuwa na cheti cha Ulaya usingelijua.

Na jifunze mapema herufi za kuongozea njia uwanjani, kabla hujafika siku ya jaribio. Uwanja mdogo ni mita 20 kwa 40, na pembezoni kuna A, K, E, H, C, M, B, F kwa zamu hiyo ukizunguka. Katikati yake ni X, isiyoandikwa popote, unaikisia. Waingereza wana sentensi yao ya mfalme Edward na farasi zake ya kukumbukia. Mimi iligoma kuingia, nikajitungia: Asha Kamuuzia Eliya Hamira, Chapati Mbili Bila Faida. Jumapili naingia kwa A, nakwenda kusimama X, nampa jaji salamu, na kichwani nina chapati. Kusimama kwangu kulipata 7. Kile kipande cha kutembea kwa hatamu ndefu, farasi ananyoosha shingo chini na mbele huku anapiga hatua pana, nilipata 7.5, na ndiyo alama yangu ya juu ya siku nzima. Kutembea. Kanta ndiyo iliyonishusha, upande wa kulia, na Madam hakushangaa.

Wengi mmeniuliza pia kuhusu vifaa. Masomo ya nusu saa mara nyingi yanafaa kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi, hilo la kwanza, na pesa mnayotaka kununulia buti za kung'aa ipelekeni huko. Kofia ngumu tu ndiyo isiyo na mjadala: iwe yako, ikushike sawasawa, na ukishaanguka nayo mara moja ibadilishe hata kama haina ufa. Tandiko la dresaji msinunue sasa. Lina ubavu mrefu ulionyooka na kiti cha kina, linapendeza, lakini tandiko hupimwa kwa mgongo wa farasi kabla ya makalio yenu, na farasi wa banda leo ni huyu, kesho ni yule. Mimi bado natumia la banda, limechakaa upande wa kushoto, na Jumapili nilimpita mwenye tandiko jipya la Ujerumani.